Ramani na Marahaba

Jirani yangu hapa Utemini anatengeneza programu ya kompyuta ya kuonyesha ramani za viwanja, na mwezi mzima amekuwa akichagua zana ya kujengea madirisha na vitufe vyake. Amebakiza mbili. Moja inapendeza sana, nyingine ina sura ya kawaida tu. Akikosea, kazi ya miezi sita ataiandika upya. Ni mtu wa kuongea polepole, anayefuta kioo kwa mkono wa shati, na kila zana anaijaribu kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote, kwa kuwa ndizo walizonazo wateja wake vijijini. Kasi ya zana haipimi kwa saa, anaipima kwa salamu. Mama Anastasia, karani wa ardhi wa Mwankoko, akiingia, jirani yangu hubofya kwanza ramani ifunguke, ndipo amwamkie, "Shikamoo, mama."

Juzi alifungua ile nzuri. Mama aliitikia marahaba, akaulizwa habari za wajukuu, za ng'ombe, za alizeti, na ramani ilikuwa bado inajichora. "Inapendeza," mama alisema kwa adabu, mikono ikiwa mapajani. Jirani yangu hakuangalia kioo, aliangalia ile mikono.

Leo amebofya ile ya kawaida, akaamkia. Viwanja elfu tatu vikatokea papo hapo. Mama alishika kipanya, akaivuta ramani mpaka kwao, akainama karibu.

"Kumbe kisima chetu hiki hapa," alisema.

Shikamoo haikujibiwa. Jirani yangu, anayeshika heshima kuliko mtu yeyote mtaani, aliegemea kiti akitabasamu, wala hakuirudia.