Kitanda Nilichomtandikia Mama

Nilikwenda Matemwe kumchukua mama. Presha yake ilikuwa inaninyima raha. Kila simu ikilia alfajiri, nakurupuka kitandani. Kwangu Mjini, Kiponda, nilishamtandikia kitanda karibu na dirisha, na hospitali kubwa haiko mbali. Hata mto nilimnunulia mpya. Kumuuliza mwenyewe ndiko nilikosahau.

Asubuhi niliondoka Mjini na jirani yangu, kwa gari yake. Mtoni, Mahonda, Kinyasini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumlainisha. Tulipoipita Mkwajuni, harufu ya mwani ulioanikwa ikanikuta kabla sijaiona bahari, nikatamani kulia. Miaka yote hii ya Mjini, na bado nakumbuka kwetu kwa pua.

Matemwe tulifika kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Kando yake Rahma, binti wa marehemu kaka yangu, na tumbo lake kubwa. Mama ndiye aliyemlea. Mume wa Rahma alimrudisha kutoka Nungwi, maana kwetu mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa wazee wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniiba?"

Nikamwaga hoja zangu zote. Akasikiliza, mkono hausimami.

"Nesi wa kituo cha afya ananijua," akasema. "Siku nikikosa kwenda kupimwa, jioni nnamwona mlangoni, kanuna. Huko kwenu nikikosa, nani atabisha hodi? Nawe uko kazini."

Rahma akainua uso.

"Bibi, basi n'ende mie. Nesi nnampenda, lakini kituo hakina upasuaji. Uchungu ukija usiku, ukawa mzito, Mjini mbali. Mie nnaogopa."

Mama akaacha kukuna. Chumba cha mzazi alishakipaka chokaa, na kuni za kumchemshia maji ya kuoga zilikuwa zimepangwa ukutani. Nilidhani atafoka. Akanigeukia mimi.

"Na wewe si mzee wake? Mchukue."

Alasiri, tukiwa tayari garini, alinipa kanga yake kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa, ya kumpokelea mtoto.

"Mie sitakuwapo. Hii iwepo."

Akaubamiza mlango wa gari kama anayefukuza kuku. Nilimtazama kwenye kioo, kasimama peke yake, mpaka njia ikapinda.

Mjini tuliingia magharibi. Rahma alijitupa kwenye kitanda cha dirishani, na mara akasinzia, uso umetulia. Na mama najua alikuwa ametulia kwake, na nesi wake. Asiye na amani nilikuwa mimi. Presha nilikuwa naisingizia tu, nilimtaka mama.

Nikaikunja kanga niiweke kabatini, ingoje siku ya mtoto. Ilikuwa inanuka moshi wa jikoni kwetu. Nikaikunjua, nikajifunika.