Alto ya Pro Niliyopewa Kalembe

Usiniambie niliota. Mtu anayeota halowi mvua mpaka mgongoni, na mimi siku ile nililowa chapachapa. Wala usiniambie mambo haya huwapata walevi usiku. Nimezaliwa Masisi, nalima viazi, sinywi hata kasiksi, pombe ya ndizi, na haya yalinipata mchana kweupe. Hasa kama wewe ni mpulizaji wa vyombo vya muziki, nisikilize mpaka mwisho.

Napiga saksafoni alto katika fanfare, yaani bendi ya matarumbeta, ya parokia yetu. Wanawake humo tu wachache, kwa hiyo watu wameniita Mama Saxo mpaka jina langu wamelisahau. Alto yangu ni ya kujifunzia, imepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Sauti za chini huzitoa kama ng'ombe mwenye mafua, na kuna kifungo kinachogandana kila kikipata unyevu, mpaka nikifute kwa karatasi ya sigara. Sasa, unadhani nilitamani nini katika dunia hii? Nyumba ya matofali? Wapi! Nilitamani alto ya pro, ile ya watu wanaoishi kwa muziki. Niliitamani hadi nikaona aibu.

Kila baada ya mazoezi jambo hilo lilizua ubishi. Papa Kasereka, mtu wa Butembo mwenye duka na lori, hupiga tromboni. Yeye alikuwa upande wangu.

"Ukamate ya pro mara moja, Mama. Ile ya kujifunzia njo inakuchelewesha. Unapigana na chombo, haupige muziki."

Bahati wa saksafoni tenor hakutaka hata kusikia. "Ya pro iko ya watu wa studio! Huku na haya matope utaiweka wapi? Utalala nayo ku kitanda, bwana yako aende kulala na kuku?"

Tukacheka mpaka basi. Kiongozi wetu, Papa Bauma, hakuingia katika ubishi. Yeye alikuwa na neno moja tu: "Kila muntu na bec yake." Bec ni kile kipande cha kutia mdomoni. Tangu ugonjwa wa kuambukizana kwa mate upite kwetu, hiyo ndiyo sheria ya fanfare: chombo unaweza kuazima, lakini bec ni yako, unatembea nayo mfukoni, na huiachi kwenye chombo cha mwingine hata kidogo. Mimi nilimwona mzee wa watu anasumbua bure.

Basi tulialikwa kupiga muziki wa harusi kule Kibua. Wenzangu walitangulia na lori la Papa Kasereka, mimi nikabaki kumalizia kuvuna, nikafuata kwa pikipiki. Aliyenibeba ni Amani, kijana wa jirani. Tulipoipita Kalembe kidogo, mnyororo ukakatika, na mvua nayo ikaanguka pamoja na ukungu.

"Panda pale juu, Mama, kuko kachapeli ka mabati," Amani aliniambia. "Nikimaliza nitakuita."

Nikapanda na kasha langu la alto. Ndani ya kanisa hilo, kwenye benchi, alikuwa ameketi mwanamume wa makamo mwenye suti ya kijivu, naye pia ana kasha mapajani. Aliinuka kwa heshima kunisalimu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake. Mimi nilikuwa na matope mpaka magotini, vyake havikuwa hata na tone. Nikasema moyoni, watu wa mjini wanajua kutembea. Kitu cha pili nilikiona pia, ila sikukitia maanani: baridi ilikuwa kali, kila nikisema mvuke ulitoka mdomoni mwangu. Mdomoni mwake haukutoka.

"Ni alto hiyo, dada?"

"Njo yenyewe, Papa. Ya kujifunzia tu."

"Na unaipenda?"

"Ninaivumilia," nikasema, nikacheka.

Akafungua kasha lake. Jamani! Alto ya pro, imechorwa maua shingoni mpaka chini, kila kifungo kinang'aa. Nilisahau mvua, nilisahau na harusi yenyewe.

"Wenye kusema ya pro haina faida, bado hawajaishika," alisema. "Jaribu."

Nikatoa bec yangu mfukoni. Uso wake ukabadilika. "Tumia ile yake. Njo inapatana nayo muzuri."

"Apana, Papa. Kwetu kila muntu na bec yake. Chef wa fanfare atanifukuza."

Hakubisha zaidi. Nikapuliza.

Nikueleze vipi? Sauti za chini zilikuja bila kusukumwa. Nilipiga nyimbo za misa, nikapiga za harusi, nikapiga na vitu ambavyo sijawahi kujifunza. Machozi ya furaha yalinitoka. Na sikuchoka. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa, sivyo? Ni nani hupuliza muda wote ule asichoke?

Nilipoacha kupiga nikafanya anachofanya kila mpulizaji: nikapitisha kitambaa chenye kamba ndani ya chombo. Kama hupulizi, ujue kwamba pumzi ya mtu hugeuka maji humo ndani, na siku ya baridi hutiririka. Kitambaa kilitoka kikavu. Nikapitisha tena. Kikavu. Nikagusa anshi, kile kibao cha tete kwenye bec ambacho nilikuwa nimekilowesha kwa mate yangu mwenyewe. Kikavu kama kimetoka dukani. Pumzi zangu zote zile zilikwenda wapi?

"Papa," nikasema, na mvuke haukutoka. Nikapulizia kiganja changu. Hakuna joto, hakuna kitu. Nilipoinua macho, mvuke mwingi mweupe ulikuwa unatoka mdomoni mwake, naye anautazama kama mtoto aliyepewa pipi.

"Baki nayo," alisema. "Iko yako sasa. Miye nitakamata ile yako ya zamani. Ila bec uiache pale pale."

Na sitakuficha: niliitaka. Pumzi imeniishia, mimi nawaza sura ya Bahati akiniona nayo! Mkono ulikataa kabisa kuiachia. Lakini masikioni nikamsikia Papa Bauma na kero zake, kila muntu na bec yake, kila muntu na bec yake. Nikaikamata bec, nikaizungusha, nikaichomoa.

"Acha!" yule mtu akapiga kelele.

Nilitambaa hadi kwenye kasha langu, nikachomeka bec kwenye alto yangu ya zamani, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena. Kimya. Kifua kilikuwa gunia tupu, nikajua nakufa, na wanangu sijawaaga. Nikajaribu tena kwa nguvu za mwisho, na ng'ombe wangu mwenye mafua akalia! Sauti mbaya, mbaya kweli, na sijawahi kusikia nyingine tamu kama ile. Tone la maji likaniangukia mguuni. Likafuata jingine. Mdomoni mwangu mvuke ukarudi, na mdomoni mwake ukaisha.

Hakunigusa. Alifunga kasha lake polepole. "Weye pia," alisema kwa huzuni, "unarudilia ile mubovu." Akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na haikumlowesha. Niliona kwa macho yangu haya.

Nikashuka mbio kwa Amani. Alikuwa anamalizia mnyororo wake.

"Papa wa suti amepita hapa?"

"Papa gani? Hakuna muntu amepita."

"Na saxo haukuisikia? Nimepiga wakati murefu!"

"Nilisikia tu ile ya mwisho," akasema. "Nikajiambia, kumbe Mama anachinja ng'ombe."

Nikamkumbatia, nalia na kucheka. Maskini, alishtuka kuliko mimi. Kibua nilipiga alto yangu mbovu kwa moyo wote, na maji yakitiririka hadi kwenye gauni langu la sherehe sikujali.

Baadaye parokia ilichanga, na Papa Kasereka akaleta alto ya pro ya kweli kutoka Butembo. Wakaniambia nianze mimi. Nikarudi nyuma hatua moja, nikapulizia kiganja changu.

"Mama Saxo anaogopa mali!" Bahati akapiga kelele.

Nikatia bec yangu, nikapiga wimbo mfupi, nikapitisha kitambaa. Watu walisogea karibu, maana kisa wanakijua. Kikatoka kimelowa! Nikakikamua mbele ya wote, maji yakamwangukia Papa Kasereka viatuni, na hata hakuvuta miguu. Ee Mungu, asante! Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Kalembe.

Hadi leo sishiki chombo kabla ya kupulizia kiganja changu. Na ukiniuliza maoni yangu kuhusu alto ya pro, nitakwambia Papa Kasereka alisema kweli: ukiweza kuipata, ipate. Lakini mtu usiyemjua akikupa chombo kizuri kuliko chako, tia bec yako mwenyewe, na kabla ya kusema asante, pitisha kitambaa. Kikitoka kikavu, chomoa bec yako ukimbie, hata kama moyo unakuambia ubaki.