Bei ya Kufungua Kasha la Bibi

Mtu akiniuliza siku hizi fundi funguo anachukua shilingi ngapi, huwa nacheka kwanza ndipo namjibu. Bei hizo nazijua sana. Nilijifunzia Mtwara mjini nikiwa binti wa miaka kumi na saba, na nilijifunza kwa aibu.

Nilikuwa naishi Likombe na bibi mzaa mama, aliyenilea tangu mama afariki. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu limetoka: chuo cha ualimu, mimi! Barua ilisema nifike ofisi ya elimu na cheti changu cha shule kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Cheti kilikuwa ndani ya kasha la bibi, na ufunguo wa kasha ulikuwa umepotea.

Bibi alikuwa akiufunga kwenye pindo la kanga. Jumanne ya wiki hiyo tulikwenda kuokota korosho kwenye shamba letu kule Mtawanya, akainama akainuka kutwa nzima, na tuliporudi pindo lilikuwa limefunguka. Jumatano tukarudi, tukapekua majani makavu chini ya kila mkorosho mpaka kucha zikauma. Wapi! Nikasema basi tulivunje kasha. Bibi akaenda akalikalia. Lilikuwa la mama yake, na ndani aliweka sanda yake mwenyewe, bafta nyeupe aliyoinunua kwa mkono wake, pamoja na udi na karafuu maiti, kama wafanyavyo wazee wengi wa kwetu wasiotaka kuwahangaisha watoto siku ya kufa kwao.

"Ukilivunja, sanda nitaitunza wapi? Utanizika na magunia?" akaniuliza. "Kamwite fundi."

Alhamisi asubuhi nikashika njia ya mjini na shilingi mbili mkononi. Ndizo zote nilizokuwa nazo. Bibi sikumwuliza kama ana hela. Nilijidai najua kwamba korosho hazijauzwa na nyumbani hamna hata senti. Nilikuwa hivyo, najua kila kitu, na nadhani ubaya huo haujaniisha.

Fundi alikuwa na meza yake pembeni mwa soko. Alikuwa Mmakonde mtu mzima aliyevuka Ruvuma akitokea Msumbiji wakati wa vita, mwenye chale usoni, sauti yake ya upole lakini bei zake ngumu. Alinitajia zote bila kuinua macho. Kufuli iliyokwama, shilingi moja. Kuchonga ufunguo ukimletea wa mfano, shilingi moja na nusu. Kitasa cha kasha kisicho na ufunguo kabisa, shilingi tano, maana lazima akifungue bila kukivunja, akitoe, halafu achonge ufunguo kwa kubahatisha, kidogo kidogo. Akifuatwa nyumbani anaongeza shilingi moja ya miguu yake.

"Kwako sita," akasema.

"Sita! Fundi, kwani kasha langu ni benki?"

"Kuvunja ni bure, mwanangu. Nenda kavunje."

Nikambembeleza mpaka mate yakanikauka. Nikasema mbili, nikasema mbili na kuku, nikasema mbili na ndoo ya mihogo. Alikuwa anapiga tupa tu kwenye kipande cha chuma kama sipo. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo jirani na meza yake akanihurumia. "Huyo hapunguzi, mwanangu," akasema. "Labda ungekuwa na msiba. Kwa msiba hachukui hata senti."

Ilikuwa desturi yake kweli. Mlango wa marehemu au kasha lenye sanda yake alifungua bure, awe aliyekufa ni Muislamu au Mkristo, wa Mtwara au wa ng'ambo ya mto. Nikaiona Ijumaa saa sita inakuja, nikamwona msichana mwingine amekaa kwenye kiti changu chuoni. Halafu kinywa changu, hiki hiki ninachokulia, kikasema: "Fundi, nilikuwa naona aibu kusema. Bibi yangu amefariki. Sanda yake ndiyo imo humo."

Fundi akaiweka tupa chini. "Masikini ya Mungu," akasema, "na mimi nakutajia bei!" Akafunga vyombo vyake kwenye gunia. Mama wa mihogo akamwachia mwenzake biashara, akajifunga kanga kiunoni, akawaita wengine wawili. Tukatoka sokoni watu watano. Toba! Kila hatua nilisema sasa nawaambia, nikifika kwenye ule mti nawaambia, na mti tukaupita. Mama wa mihogo alinishika bega, "Lia mwanangu, usijikaze." Basi nikalia, na kilio changu kilikuwa cha kweli kabisa, kwa hofu.

Tulipoingia uani bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakuna nazi.

Wale akina mama walikuwa wameshaanza kuvuta pumzi ya kulia. Wakaikata. Fundi akavua kofia, akasalimia kwa adabu, akauliza maiti iko wapi.

"Maiti ya nani?" bibi akasema. Akanitazama mimi. "Wee, nani kafa?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Wewe, bibi," nikasema.

Nikaeleza yote pale pale, bei, shilingi mbili, cheti, kesho saa sita, huku kamasi zinanitoka. Fundi hakugomba. Akavaa kofia yake, akatupa gunia begani, akasema amefungua makasha mengi ya wafu na hajawahi kuitwa na mtu anayechezea jambo hilo. Akageuka kuondoka, na chuo changu kikawa kinaondoka naye. Nikapiga magoti mbele yake. Akanipita kando.

"Fundi," bibi akaita. "Huyo si mwizi. Ni mpumbavu tu, nimemlea mwenyewe. Kaniua kwa shilingi nne! Wa kukasirika ningekuwa mimi, siyo wewe. Mimi ndiye marehemu, na mimi nimesamehe. Njoo ufanye kazi yako, bei yako yote utaipata."

"Hela iko wapi, bibi?"

"Imo humo humo ndani ya kasha. Fungua uone."

Akina mama wakaangua kicheko. Fundi alijaribu kukaza uso, ukamshinda, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kumbe hela ilikuwapo siku zote, ni kuuliza tu nilikoshindwa, na hapo ndipo aibu iliponiuma kuliko ile ya uongo wenyewe.

Alipiga magoti mbele ya kasha na waya mbili, akaweka sikio, akatekenya kitasa kwa muda mrefu. Kikalia kah! Kifuniko kikainuliwa. Bibi mwenyewe akaingiza mikono, akatoa sanda, na cheti changu kilikuwa katikati ya mikunjo ya sanda ile, kimenyooka, kinanukia udi. Sikujua kama ndipo alipokiweka. Ndicho nilichokipeleka ofisini kesho yake kabla hata mlango haujafunguliwa, na wakaniandika.

Lakini siku ile kazi ilikuwa bado. Fundi alikaa uani na tupa yake mpaka adhuhuri ikapita, anajaribu, anatoa, anakwangua, anajaribu tena. Akina mama wakala muhogo wa nazi badala ya chakula cha msiba. Ufunguo ulipozunguka, bibi akatoa kashani fundo la hela, akamhesabia shilingi sita, akaongeza thumni kwa ajili ya huzuni aliyokuja nayo bure.

"Sasa chonga na wa pili," akamwambia.

Nilishangaa. Bibi hakuwahi kumwachia mtu ufunguo wa kasha lile, hata mama yangu alipokuwa hai.

"Wa pili wa nini, bibi?" fundi akauliza. "Kasha moja, mwenyewe mmoja."

Bibi akaikunja sanda, akairudisha ndani, akanisonta kwa kidole.

"Wa huyo. Aliyeniua ndiye atakayenizika. Siku hiyo afungue mwenyewe, asije kukusumbua sokoni."