Laini ya Mauwa

Mwenyezi Mungu ananiona, sijawahi kumpenda wifi yangu Mauwa. Kaka yangu Marijani alipomleta kutoka Masasi miaka ishirini iliyopita nilisema huyu mwanamke ana mdomo, na mpaka leo sijakosea. Anauza chapati na maharage nje ya geti la chuo kimoja hapa Chang'ombe. Mie nauza juisi meza ya pili, na tunaweza kumaliza wiki hatujapeana salamu. Nikitia sukari, atasema nyingi. Akikaanga, nitasema mafuta ya juzi hayo. Ndivyo tulivyo.

Lakini wanafunzi wanampenda, sijui kawalisha nini. Jesca ndiye alikuwa kama mwanawe. Binti wa mwaka wa pili, mpole, katoka Songea hana namba ya kitambulisho cha taifa, na bila namba hiyo husajiliwi laini ya simu. Mauwa akaongozana naye mpaka kwa wakala, akaweka kidole chake mwenyewe. Laini akawa anaitumia Jesca, kwa jina la Mauwa. Nilimwambia, "Kidole chako hicho kitakuponza." Akanijibu, "Chako kimekufaa nini?"

Basi mwaka huu chuo kikaleta aplikesheni ya simu, wanaiita Tamka. Msichana akishikwashikwa, akitakwa rushwa ya ngono, anafungua simu yake, anaandika, taarifa inafika kwa kamati. Hakuna jina, siri tupu. Siku ya uzinduzi walipiga muziki, wakagawa fulana, na mwalimu Wilbert naye akavaa yake, Ibilisi mkubwa. Huyo Wilbert ndiye aliyemfelisha Jesca somo lake, kisha akamwambia maksi zake ziko nyumba ya wageni, azifuate Jumamosi saa kumi. Jesca hakwenda. Aliandika kwenye Tamka.

Siku ya nne Wilbert huyo mezani kwa Mauwa. Wasichana aliowaambia maneno yale ni wengi, hakujua ni yupi kaandika. Jina kweli halikuwemo, ila namba ya simu ilikuwemo, na kuna mtu wa ndani alimpenyezea. Akafanya kama anaitumia hela ile namba, jina la mwenye laini likatokea kwenye kioo: Mauwa. Nani Dar asiyeijua hila hiyo? Wenye chuo tu, pamoja na madigrii yao.

"Nani anatumia laini yako?" akamuuliza.

"Mie."

"Usinifanye mtoto. Nipe jina la msichana, la sivyo meza hii utaing'oa. Na polisi utaeleza kwa nini unasajilia watu laini."

"Nimeshakwambia ni mie. Unakula au unapita?"

Akahamia kwangu, sasa sauti ya upole. Anajua, akasema, mie na wifi yangu hatupikiki chungu kimoja. Nimtajie tu anayetumia ile laini, na pale pa Mauwa patakuwa pangu. Sitawadanganya: nilifikiria. Pale pana kivuli, na foleni yake imeniumiza roho miaka sita. Nikamwambia nitasema mbele ya kamati. Akafurahi, mwenyewe akaniandikisha shahidi wake.

Alhamisi tukaitwa: Mauwa kwa kuwa laini ni ya jina lake, mie kwa kuwa Wilbert alidai taarifa ni ya kubuni. Kamati ni watu watatu: Bi Monica, mlezi wa wanafunzi, na walimu wawili. Faili liko mezani, limefunikwa. Bi Monica akalifunua kidogo, akasoma. "'Aliniambia maksi zangu ziko nyumba ya wageni.' Mama, wewe una maksi gani?"

"Za darasa la saba," Mauwa akasema. "Hesabu nilipata ndogo."

Wakacheka. Wilbert alicheka mpaka akafuta macho. Mauwa hakucheka. Nikamtazama mikono, ina unga bado, nikaona inasokota pindo la kanga. Miaka ishirini sijawahi kumwona Mauwa anaogopa. Hasira ikanipanda, hata sijui ilitokea wapi.

"Bi Hamisa," Bi Monica akanigeukia, "unamjua anayetumia laini hii?"

"Namjua sana. Ni wifi yangu huyu. Ananipigiaga kwa laini hiyo hiyo, kila siku ya Mungu, kunitukana."

Wilbert akaruka. "Mwongo huyu mama! Tupige sasa hivi, tuone simu italia wapi." Akatoa simu yake, akabonyeza namba, akaweka sikioni. Nikajua tumekwisha, maana laini iko kwa Jesca, na Jesca yuko darasani, ghorofa ya juu yetu.

Ikalia. Ililia ndani ya kanga ya Mauwa. Akafungua pindo taratibu, akatoa kisimu chake cha tochi. Kumbe asubuhi ile alikuwa ameshaichukua laini kwa Jesca, na hakuniambia, mchawi yule. Akapokea huku anamtazama Wilbert usoni.

"Haloo. Ndiyo, mie. Sema, nakusikia."

Wilbert akakata simu. Bi Monica akafunua faili, akaitazama namba, akalifunika tena.

"Mwalimu Wilbert," akasema, "namba ya mlalamikaji tunayo sisi watatu tu. Wewe umeitoa wapi?"

Dume lile likaificha simu mfukoni. Na mwalimu mmoja wa kamati akaanza kutazama dari.

Hawajamfukuza. Wamemsimamisha, eti uchunguzi unaendelea. Jesca karudia mtihani kwa mwalimu mwingine, kafaulu. Aliyeng'olewa ni Mauwa. Wiki ile ile walinzi walibeba meza yake wakasema ni usafi wa geti, na pale penye kivuli hawakumpa mtu, hata mie. Sasa anakaangia chapati kwenye meza yangu, kanibana mpaka ukutani, na maneno yake juu ya sukari hayaishi.

"Eti nakupigiaga kukutukana," aliniambia jana. "Mie hata namba yako sina."

Nikamnyang'anya simu, nikaiandika mwenyewe.

"Akikujia mwingine kama Jesca, nipigie," nikamwambia. "Matusi utanitukania hapa hapa."