Mlango Mwingine Ulipofunguka

Wafungwa walimwita Mama Milango, na jina likamganda mpaka askari wenzake wakaacha kutumia lile alilozaliwa nalo. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika vyumba vitatu mbele. Kazi ya magereza aliianzia upande wa wanawake, akiamulia ugomvi kwa mikono yake mwenyewe, hadi siku mfungwa mmoja alipompiga kwa benchi kiunoni, likamvunja nyonga. Alipona, lakini kukimbia hakuweza tena. Ndipo wakamketisha kwenye chumba cha mitambo cha gereza la wanaume, mbele ya skrini, akawa mtu wa kufungua na kufunga milango ya chuma kwa kipanya. Mume wake, kinyozi, hakuchoka kumtania. "Gereza zima unalifungua kwa kidole," alikuwa akimwambia, "halafu ukirudi nyumbani unagonga mlango mpaka majirani wanaamka."

Milango mikubwa ilikuwa mitatu. Ulikuwapo wa bweni la juu, wa bweni la chini, na wa karakana ya useremala, mwisho wa korido iliyounganisha mabweni yote mawili. Kila mlango ulikuwa na mota yake, na waya wa kila mota ulifika kwenye kompyuta kupitia kidude cheusi chenye ukubwa wa kidole gumba. Vidude hivyo vilichomekwa kwenye kisanduku kimoja chini ya meza. Vilinunuliwa pamoja, duka moja, na hakuna aliyeweza kuvitofautisha kwa macho.

Wafungwa wa juu na wa chini hawakukutanishwa kamwe. Mfungwa wa chini aliwahi kummwagia mwenzake wa juu maji yanayochemka usoni, akampofua macho yote mawili. Tangu hapo walikula kwa zamu, walioga kwa zamu, waliota jua kwa zamu. Kila bweni lilijua zamu ya mwenzake na kila bweni lilisubiri siku zamu hizo zitakapogongana.

Askari wa karakana alikuwa shemeji yake Mama Milango, mume wa mdogo wake. Kazini hawakuitana kwa undugu. Yeye alikuwa "Karakana" na Mama Milango alikuwa "Mitambo", basi, ili mtu asije akasema wanapendeleana.

Asubuhi ya mkasa, wa bweni la chini wakiwa kazini karakana, umeme uliyumba. Taa zilififia, zikarudi. Kompyuta ilikuwa na betri yake, haikuzimika. Kwenye skrini alama za milango miwili, wa karakana na wa bweni la juu, ziligeuka nyekundu, kisha zikarudi kijani moja baada ya nyingine. Mama Milango akampigia simu Fundi, mwanamume mwembamba mwenye pumu aliyetunza kompyuta za gereza.

"Sasa hivi zote kijani?" Fundi aliuliza.

"Zote."

"Basi iko sawa."

Akaweka simu chini, akanywa chai yake.

Kule karakana ugomvi ulianzia kwenye randa. Wawili waliigombania, mmoja akavuta, mwingine akaachia kwa makusudi, na aliyeanguka akainuka na patasi mkononi. Alimchoma mwenzake pajani. Rafiki wa aliyechomwa akashika nyundo. Mama Milango aliyaona yote kwenye kamera, bila sauti: midomo wazi, meza ikipinduka, misumari ikisambaa sakafuni, na shemeji yake akijitupa katikati na kirungu. Kisha akamwona anashika kwapa lake. Mzee mmoja mfungwa, aliyekuwa na kazi ya kuchemsha gundi na ambaye hakuwa na upande wowote, alijaribu kumvuta pembeni. Nyundo iliyokuwa ikimtafuta mtu mwingine ilimkuta yeye kisogoni.

Redio ikakwaruza. "Shemeji," sauti ilisema. "Fungua karakana. Nimechomwa."

Kumsikia akimwita hivyo kulimtia baridi kuliko damu aliyoiona. Akabofya. Skrini ikaandika kwamba mlango wa karakana uko wazi. Kwenye kamera mlango wa karakana ulikuwa palepale, na shemeji yake ameuegemea, akiupiga kwa kiganja. Macho yake yakahamia kamera ya pili. Mlango wa bweni la juu ulikuwa ukiteleza taratibu pembeni, kama unavyotelezeshwa kila siku wakati wa chakula.

Wa bweni la juu hawakuelewa mara moja. Mmoja alichungulia nje. Kisha ikawa kama gunia lililopasuka.

Mama Milango akabofya kufunga, palepale alipobofya kufungua. Ule mlango wa juu ukatii, ukarudi, ukamkuta mtu katikati. Chuma kilimbana mbavuni. Wenzake nyuma walizidi kusukuma, mwili wake ukazuia mlango usifunge, nao wakamkanyaga. Mama Milango aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. Angeweza kubahatisha kitufe kingine. Lakini mitambo ilikuwa imemdanganya mara moja, na kama kitufe kingine kingefungua karakana wakati ule, korido nzima ingeingia na kummaliza kila aliyekuwa ndani.

Akavunja kioo cha kisanduku cha ukutani, akachukua shada la funguo za mkono, akashuka ngazi akichechemea.

Chini alikuta askari wachache wenye ngao wameshaanza kupambana. Korido ilinuka jasho na rangi ya mbao. Wafungwa wa juu walikuwa wamevunja viti vya chumba cha chakula, wakipigana kwa miguu ya viti hivyo. Askari mmoja alianguka, ngao yake ikachukuliwa, akapigwa nayo. "Nipelekeni mlangoni," Mama Milango aliwaambia waliobaki. Hawakumuuliza mlango gani. Wakamweka katikati, wakasukuma.

Njiani mguu wa kiti ulimpata begani. Alisikia mfupa ukilia ndani ya mwili wake kabla hajasikia maumivu. Mkono wa kushoto ukaning'inia. Akauma meno, akatumbukiza ufunguo kwa mkono wa kulia, akauzungusha, akausukuma mlango upenyo wa mtu mmoja tu.

Shemeji yake alianguka nje, mzito, shati limeloa mpaka kiunoni. Wakati huohuo kijana mkubwa wa bweni la juu alipitisha mguu kwenye upenyo. Mama Milango alimpiga na shada la funguo usoni. Akampiga tena. Kijana aliachia mlango, akaanguka magoti, akafunika uso, naye akampiga tena juu ya vidole, na tena, mpaka askari mwenzake akapaza sauti: "Mama, ameshalala huyo."

Alipogeuka kufunga, kitu kilimshika kiatu. Mzee wa gundi alikuwa amelala kwa tumbo nyuma ya mlango, ametambaa mpaka pale. Alikuwa na uhai. Alimshika kiatu kwa nguvu ambayo Mama Milango hakuitarajia kwa mtu wa hali ile. Nyuma ya mzee, wenye patasi walikuwa wakija mbio ili watoke. Mbele, wa juu walikuwa wakivunja ukuta wa ngao. Kumtoa mzee kulihitaji mikono miwili, naye alikuwa na mmoja.

Akautikisa mguu wake. Mkono haukuachia. Akautikisa kwa nguvu zaidi, ukaachia, akafunga.

Kikosi cha kuongeza nguvu kilipotuliza gereza, mzee wa gundi alikutwa amekufa palepale. Yule aliyebanwa na mlango naye hakufika hospitali. Shemeji alifika, akaokolewa, ila mshipa na neva za kwapani zilikatika, na vidole vyake vya kulia havikurudi kushika kitu.

Fundi alimtembelea Mama Milango wodini na kukaa kwenye ukingo wa kiti, pumu ikimsumbua.

"Kompyuta iliharibika?" Mama Milango alimuuliza.

"Ningependa kukuambia ndiyo," Fundi alisema. "Haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawasawa."

Akamweleza polepole. Ndani ya mfumo wa kompyuta kuna kiini, na kiini ndicho kinachokaa kati ya programu na vifaa. Kifaa kikichomekwa, kiini kinakiuliza: umetengenezwa na nani, na wewe ni wa aina gani? Kifaa kinajibu kwa namba mbili. Kiini kinazichukua namba hizo na kuzilinganisha na orodha ambazo kila draiva, yaani programu ndogo ya kuendeshea kifaa, imekuja nazo, orodha za vifaa ambavyo inaweza kuvitumikisha. Ikipatikana draiva inayolingana, kiini kinaiita ili ikijaribu kifaa, na ikikubali, inakabidhiwa. Kifaa kikikatika, kiini kinaiambia draiva iachie kila kitu ilichokuwa imekishikia, pamoja na jina lake. Kikirudi kinaulizwa upya, kama mgeni.

"Sasa vile vidude vyetu," Fundi aliendelea, "ni kiwanda kimoja na aina moja. Vingine huwa na namba ya kipekee pia, kama kitambulisho cha mtu. Vyetu vya bei rahisi havina. Kiini kikiviuliza, vinajibu neno lilelile. Draiva ni ileile, inavipokea vyote, na inavipa majina kwa kufuata nani ameitika kwanza. Umeme ulipoyumba kompyuta ilibaki macho, kisanduku cha vidude hakikuwa na betri. Viwili vikakatika. Viliporudi, cha bweni la juu kikaitika kwanza, kikapewa jina lililotangulia, la karakana. Cha karakana kikapewa lililobaki. Programu ya milango inajua majina tu. Hata lile jibu kwamba karakana iko wazi, lilikuwa jibu la kweli kutoka kwa kidude kisicho chenyewe."

"Ungeweza kuzuia?"

Fundi alitazama sakafu. "Ningeandika kanuni, kidude kisipewe jina kwa zamu ya kuitika bali kwa tundu kilipochomekwa. Ni mistari michache. Sikuwahi kufikiri vitakatika pamoja."

Mama Milango hakumtukana. Alimwomba amsogezee mto.

Tume ilikuja, wanaume watatu wenye suti. Waliuliza kuhusu umeme, kuhusu ununuzi, kuhusu kisanduku. Walimuuliza kama alifuata utaratibu, akasema ndiyo, na ilikuwa kweli. Waliandika kwamba alionyesha ushujaa. Kuhusu kijana aliyepigwa akiwa amepiga magoti, ambaye sasa hakuona vizuri kwa jicho moja, hawakuuliza. Kuhusu kiatu hawakuweza kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekiona isipokuwa yeye.

Binti wa mzee wa gundi alikuja kuchukua vitu vya baba yake, miwani na ndala tu. Alikuwa mshonaji, nyuzi zimemnasa kwenye sketi. Mama Milango, mkono bado kwenye kitambaa shingoni, alimkuta kwenye benchi la wageni akaketi karibu naye.

"Wameniambia mashine ilikosea mlango," binti alisema.

"Ndiyo. Lakini niliufungua kwa ufunguo baadaye."

Binti akamtazama.

"Baba yako alikuwa hai," Mama Milango alisema. "Alinishika mguu. Nilimtoa shemeji yangu, nikautikisa mguu, nikafunga."

Binti aliiweka miwani kwenye benchi, taratibu, kisha akampiga kofi. Mama Milango hakukwepa. Lilimpata la pili, na la tatu likampata kwenye bega lililovunjika, akaona giza. Askari wa mapokezi alikuja mbio na kirungu kimeinuliwa.

"Mwache," Mama Milango alimwambia. "Shusha hicho kitu."

Binti alikuwa akihema. "Ungekuwa na mikono miwili?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Nimejiuliza. Sijui."

Binti akachukua miwani na ndala, akaondoka bila kuaga.

Mama Milango alipopona, wakubwa walitaka kumpa kazi ya ofisini. Akakataa, akarudi mbele ya skrini. Siku ya kwanza alimkuta Fundi amepiga magoti chini ya meza. Kisanduku sasa kilikuwa na betri, kila tundu lina rangi yake, na kanuni ilikwishaandikwa. Kwenye kila mlango alisimama askari na redio.

"Chomoa," Mama Milango alisema.

Fundi akachomoa viwili pamoja, akavirudisha kwa kupishana, cha mwisho kwanza. Mama Milango akabofya karakana, akasubiri redio.

"Karakana umefunguka," askari alisema.

"Bweni la juu?"

"Umefungwa."

"Chomoa tena," alimwambia Fundi.

Akachomoa tena. Waliendelea hivyo hadi Fundi akaishiwa pumzi na kuomba kupumzika. Mama Milango akamshika mkono kumsaidia ainuke, kisha akashuka yeye mwenyewe chini ya meza, kwa shida, nyonga ikimuuma, na kuanza kuvichomoa kwa mkono wake.