Diski Iliyozoea Kulala

Mume wangu aliumia mgongo bandarini Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kontena lilifunguliwa, magunia yakamshukia. Hakuvunjika mfupa, lakini daktari alimkataza kubeba kitu kizito tena, na mtu aliyetoka Tanga kuja kuishi kwa nguvu za mabega yake, ukimwambia hivyo umemmaliza. Miezi ikapita. Mimi naamka, napanda taxi, zile za huku zinazojaza abiria kama daladala, kwenda Westville kusafisha nyumba za watu. Yeye anabaki chumbani kwetu Greyville akiangalia dari. Nikirudi nimechoka hoi, nakuta wali umeiva, sufuria zinang'aa, na mpishi hasemi neno. Jamani, ukimya wa mwanaume unachosha kuliko kudeki.

Ndipo msimamizi wake wa zamani akatuletea kompyuta. Ofisi moja ya meli ilikuwa inatupa vitu chakavu, naye akaona heri imfae mtu. Lilikuwa sanduku pana la chuma, limepauka, lina skrini ya maandishi ya kijani matupu. Wakati huo watu walishakuwa na kompyuta zenye picha na muziki. Hii ilikuwa babu yao. Nikasema palepale kwamba dude hilo halikai humu, maana meza yetu ilikuwa moja tu na ndipo nilipopigia pasi. Akanieleza taratibu kwamba alijifunza kupiga chapa kabla hatujaoana, na kwamba hapa mjini watu wanatafuta wa kuwachapia kadi za harusi na matangazo. Kisha akasema jambo lililonikata maini.

"Niache nijaribu hii. Ikishindikana, narudi Tanga. Siwezi kukaa hapa unilishe, mtu mzima."

Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, kwamba huko Tanga hakuna anayemsubiri. Halafu nikaenda bafuni nikafungua bomba nikalia. Namjua yule, akishatamka kitu, amekitamka.

Mashine iliwaka, ila diski yake ya ndani haikusomeka. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongomani aliyekuwa akitengeneza simu dukani, alituazima flopi za kuiwashia na kutuonyesha pa kuanzia. Betri ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ukiiwasha mashine haikumbuki hata kama ina diski. Sharti uiambie upya diski ina silinda ngapi na vichwa vingapi vya kuisoma. Mume wangu alizikariri hizo namba, akawa anazitaja hata akiosha vyombo. Kisha ikabidi kuifomati kuanzia chini kabisa, ichorwe njia upya kama haijawahi kutumika. Loo, kazi ile ilikuwa ndefu. Namba zinapanda kwenye skrini moja moja, diski inakoroma na kugongagonga, na huko nje, kwenye uwanja wa mbio za farasi, watu wanapiga kelele. Yeye amekaa tu, mikono magotini, anasikiliza. Baada ya hapo akaigawa, akaifomati mara ya pili, akaipakia mfumo. Siku ilipowaka kwa diski yake yenyewe, bila flopi, alicheka. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka, na nilimpenda upya, nasema kweli.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyimbo za kwaya ya kanisa analosali yule jirani, zichapwe ziwe kijitabu. Muislamu wangu akashinda anachapa haleluya, na jioni anazinung'unika. Nikamtania kwamba kilichobaki ni kubatizwa.

Basi tukamwalika jirani na mkewe waje kula pilau, tuwashukuru. Sisi wawili hula mkekani, lakini wao wamezoea meza, na mgeni huwezi kumkunjisha miguu asiyoizoea. Kwa hiyo meza ikatakiwa. Mume wangu akaizima mashine, akaivuta, mimi nimeshika upande wa pili, akaisimamisha kwa ubavu kati ya kitanda na ukuta. Wageni walipoondoka akaitazama akasema ibaki hapohapo, nami nirudishiwe meza yangu. Alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Kesho yake diski ikagoma. Aliiandikia namba zake zote, akaizima, akaiwasha, ikamjibu makosa matupu. Niliporudi kutoka kazini nilikuta begi kitandani na mashati yamekunjwa ndani.

Nilikwenda kumgongea jirani akaja na kijiko bado mkononi. Akainama, akatazama sanduku lilivyosimama, akatikisa kichwa.

"Eish, mama. Hii muliifomati ikiwa imelala, sasa munaisimamisha? Ya zamani iko hivyo, kichwa yake inapotea njia."

Tukailaza tena. Ikasoma kidogo, ikakwama, nyimbo nyingi zimeharibika. Jirani akasema dawa ni kuifomati upya tangu chini, ila safari hii tukishaiweka isiguswe. Akaondoka, na wala hakulalamika kuhusu nyimbo zake.

Mume wangu akakaa kando ya begi. Akasema hata tukiitengeneza itaharibika kwa sababu nyingine, na kwamba anaona nilivyochoka.

"Ndiyo, nimechoka," nikamwambia. "Lakini mimi sikuolewa na mabega. Iwake, isiwake, nakutaka hapa. Afadhali nichoke nikiwa na wewe kuliko nichoke peke yangu."

Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti, akaanza kuandika namba zake. Mashine ikauliza, kama inavyouliza siku zote, kama tuna hakika, maana kila kilichomo kitapotea. Akasogea pembeni, akaniambia nijibu mimi. Nikabonyeza, kidole bado kinanuka sabuni ya Westville. Diski ikaanza kukoroma. Safari hii hakukaa kuisikiliza. Aliinuka akarudisha mashati kabatini, moja moja, na mimi nikampa hanga.