Mkoromo Niliomtumia Mkwe

Ninakoroma. Nimelikana jambo hili miaka ishirini na kitu. Marehemu mume wangu alipolalamika nilimwambia anaota. Akafa bila kupata haki yake.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kwanza huko Geita, nami nikatoka Shinyanga na mfuko wa unga wa uji kwenda kumlea mzazi. Nyumba yao ina vyumba viwili, na ukuta wa katikati haufiki kwenye bati. Kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali: hatuli pamoja, na salamu zake hunifikia kupitia kwa mkewe. Siku ya tatu nikamuuliza binti kama wamegombana, maana mumewe hakuwa akilala nyumbani.

Akakoroga uji muda mrefu. “Mama, anakusikia. Anaona aibu kukusikia.”

Hilo ningelimeza. Lakini mchana ule, nikiwa nimempakata mjukuu, nilisinzia. Niliamka mapajani hamna kitu. Binti alikuwa amemchukua mtoto, na tangu hapo akawa ananipa vyombo nioshe, mtoto hanipi. Siku ya tano nikasema nina kikao, nikarudi nyumbani. Kikao hakikuwepo.

Usingizi ule wa mchana ulinitia wasiwasi, nikapima sukari, haikuwepo. Presha ilikuwepo. Dada yangu akasema ni jinamizi, nimtafute mtu wa kuniangalia. Mimi mwenye shahada mbili nilimcheka, kisha nikaomba namba ya huyo mtu. Kabla sijampigia, gego likapasuka nikitafuna karanga.

Daktari wa meno, mwanamke wa rika la binti yangu, alilitazama gego kidogo tu, akaanza kutazama koo. Akauliza kama ninaamka kinywa kikavu, kama kichwa huniuma asubuhi, na nani analala karibu yangu aulizwe. Nilikasirika. Nilimwambia mimi ni mjane na nimekuja na jino.

“Sawa, mama,” akasema. “Ila meno yako yote yamesagika. Unahangaika na nini usingizini?”

Akaeleza kwamba taya langu la chini limekaa nyuma. Nikilala, ulimi huangukia kooni na kuziba njia ya hewa, pumzi hukatika, mwili hushtuka, na huenda ndiyo maana nasaga meno. Nilimsikiliza kama mtu anayeambiwa paa linavuja kwa sababu ya viatu. Hakunipa dawa. Alinituma kwanza Mwanza, hospitalini, nikalala na nyaya mwilini, na daktari wa huko akathibitisha kwamba pumzi yangu hukatika kweli. Wakakubaliana nitengenezewe kifaa cha plastiki cha kuvaa kinywani nikilala, kinachovuta taya mbele.

Wiki ya kwanza nilitokwa na mate kama ng'ombe, na asubuhi meno ya juu na ya chini hayakutambuana. Baada ya mwezi nikaona nasoma kurasa kumi mchana bila kusinzia. Lakini ushahidi wangu mwenyewe, kwa historia yangu, nani angeupokea? Binti alisema tu, “Tutaona, mama.”

Basi nikaacha simu karibu na mto, ikarekodi usiku mzima, nikamtumia binti. Sikufikiri zaidi ya hapo. Sikufikiri kwamba mumewe ni fundi wa magari makubwa ya mgodini, anayelipwa kusikiliza injini, na kwamba binti angempa yeye asikilize.

Keshokutwa yake, nikichambua mchicha, simu ikaita. Namba ya mkwe. Hakuwahi kunipigia.

“Shikamoo, mayu.” Aliniita mama, kwa Kisukuma chetu.

“Marahaba, baba.” Nikasimama, sijui kwa nini.

Alikohoa. Akasema amesikiliza yote, mwanzo hadi jogoo. Mahali fulani palikuwa kimya mno, akaogopa, akarudisha nyuma, akaongeza sauti.

“Ulikuwa unapumua tu,” akasema. “Mwenzangu anasema uje Jumamosi. Mtoto utampakata wewe.”